Rhodes kwa miguu: anzia kwenye handaki

Nilikuwa dobi wa meli kwa miaka 9. Chumba cha udobi kiko chini kabisa, jirani na mitambo, hakina dirisha, na bandari nyingi za Bahari ya Kati nilizijua kwa mchanga uliobaki kwenye taulo za abiria. Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, nilipata bahati nayo. Zamu yangu ilikuwa ikiisha asubuhi, na meli ilifunga gati hatua chache tu kutoka ukuta wa mji wa kale. Nikipata ruhusa ya kushuka napewa muda wa saa 4, nadra 5. Nimeshuka pale zaidi ya mara 20, na muda ule nimeupoteza kwa kila namna mtu anayoweza kuupoteza. Mwaka juzi nikarudi na mke wangu kama wageni, siku 4, kwa pesa zetu wenyewe. Njia ninayokupa hapa ndiyo niliyoifikia mwisho, baada ya kukosea sana.

Ujue pia unaongozwa na nani. Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, nimecheza kibe nyuma ya Fort Jesus. Nikiona ukuta wa ngome nasimama. Kama wewe ni mtu wa fukwe na muziki, kisiwa hiki kina hayo tele na hunihitaji mimi.

Jina kwanza, lisikuchanganye. Wagiriki huandika Rodos, na hilo ndilo utakaloliona kwenye feri. Aliyesoma Biblia ya Kiswahili analijua kama Rodo: katika Matendo ya Mitume mlango wa 21, chombo alichopanda Paulo chapita hapo kikitoka Kosi kwenda Patara. Patara iko upande wa Uturuki, na pwani ya Uturuki unaiona kwa macho ukisimama ufukweni Rhodes. Ndiyo maana kila dola iliyotaka kutawala bahari ile ilikitaka kisiwa hiki.

Hapo pana mtego kwa sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki. Ugiriki iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kwa hiyo unaomba visa ya Schengen kabla ya kusafiri. Bandarini utakuta vibanda vinauza tikiti za boti ziendazo Marmaris, Uturuki, mwendo wa saa moja hivi. Wazungu wanapanda asubuhi wanarudi jioni. Wewe ukiwa na visa ya kuingia mara moja tu, ukivuka umeshatoka. Ile visa imekwisha kazi, na jioni mabegi yako yatakuwa Rhodes na wewe uko Marmaris. Uturuki nayo ina utaratibu wake wa visa. Soma visa yako kabla ya kushawishiwa na bei ya boti.

Kuhusu majira, nenda Aprili, Mei au Oktoba. Julai na Agosti jua la pale si kama letu. Ni kavu, linapiga kwenye mawe na kukurudia usoni. Julai 2023 moto wa msituni uliwahamisha watu wapata 19,000 kwa siku chache, wengi wao watalii. Na viatu: njia za mji wa kale zimetandikwa vikokoto vya ufukweni, vimesimamishwa wima kimoja kimoja. Ni kazi nzuri sana kuitazama na adhabu kuikanyaga. Mara ya kwanza nilishuka na kandambili. Usifanye hivyo. Vaa viatu vya soli nene.

Sasa njia yenyewe.

Meli hufika asubuhi, na abiria wote humwagika mahali pamoja. Kiongozi ananyanyua mwavuli au kibao chenye namba, kundi linaingia Lango la Bahari, linapita uwanja wa Hippocrates wenye chemchemi, linapanda barabara ya Sokratous iliyojaa maduka ya mikoba na sumaku za friji, na kufikia saa nne limefika Kasri. Kila kundi linafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo ukilifuata kundi, utakayoyaona ni migongo.

Wewe likipe lango kisogo. Ukitoka gatini shika upande wa Akandia, ambako ukuta unaacha bahari na kugeukia bara, ukashuke kwenye handaki. Handaki lenyewe ni mtaro mkavu mpana, halijawahi kuwa na maji, unaouzunguka mji upande wote wa nchi kavu kwa mwendo wa kilomita 2 na zaidi. Leo limeota nyasi na miti, watu wa mjini wanalitumia kwa mazoezi na kutembeza mbwa, na hakuna anayekuuliza tikiti. Kwa miaka mitatu ya kwanza nilipita juu yake kwenye madaraja nikiharakia kwenda kuona "vitu". Kitu kilikuwa chini yangu.

Tembea polepole, ukuta wa mji ukiwa kuliani kwako. Utakutana na matufe ya jiwe yaliyolala kwenye nyasi, mengine madogo kama nazi, mengine mtu hawezi kuyakumbatia. Hayo yalirushwa na mizinga. Watawa-askari wa Mtakatifu Yohana, ambao walianza kama wahudumu wa hospitali Yerusalemu, walikitwaa kisiwa hiki baada ya kufukuzwa Palestina, na kuanzia 1309 wakakifanya makao yao kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1480 jeshi la Sultani Mehmed wa Pili wa Waturuki liliwazingira likashindwa. Mwaka 1522 akaja Sultani Suleiman mwenyewe.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana namna watawa wale walivyojipanga. Sisi tuna Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Wao walikuwa na "lugha": Italia, Provence, Uingereza, Hispania, Auvergne, Ujerumani, Ufaransa. Kila lugha ilikuwa na kipande chake cha ukuta cha kulinda, na nyumba yake mjini. Ukitembea kutoka Akandia unavipita vipande hivyo kwa mpangilio karibu ule ule nilioutaja. Tafuta ngao za mawe zilizopachikwa ukutani. Ni alama za wakuu waliojenga, na mtoto ukimpa kazi ya kuzihesabu atakwenda mwendo wote bila kulalamika.

Utazame ukuta wenyewe unavyobadilika, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Fort Jesus ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ikajengwa kati ya 1593 na 1596. Tunachokiona Mombasa ni somo lililokwisha kujifunzwa: buruji pana, ukuta mnene, pembe zinazolindana. Rhodes unawaona wanafunzi wakiwa darasani. Mnara mrefu mwembamba wa zamani, uliojengwa kwa ajili ya mishale, umesimama. Na mbele yake au pembeni yake wamebandika kitu kifupi, kinene, kama chungu kilichofunikwa, kwa sababu wameshaona mzinga unavyomfanya mnara mrefu. Palipokuwa na mtaro mmoja wamechimba wa pili. Na mafundi waliokuwa wakiwashauri, wengi ni Wataliano vile vile. Siku nilipolitambua hilo nilikaa kwenye jiwe nikacheka peke yangu, dobi wa Mombasa amekutana na babu wa ngome ya kwao.

Sehemu ya Uingereza na ya Hispania, upande wa kusini na kusini-magharibi, ndiko kulikopigwa zaidi mwaka 1522. Waturuki walichimba mashimo chini ya ardhi ili walipue ukuta kwa baruti. Ndani alikuwako mhandisi Mtaliano, Gabriele Tadini, aliyetandaza ngozi za ngoma ardhini na kuzitundikia kengele ndogo. Jembe likigonga chini, ngozi inatetemeka, kengele inalia, nao wanachimba kwenda kuwapokea. Mzingiro ulidumu karibu miezi 6. Wetu wa Fort Jesus, wa 1696 hadi 1698, ulikuwa mrefu zaidi, lakini hatukuwa na ngoma za kusikiliza ardhi. Mwishowe Suleiman aliwapa masharti ya heshima, na tarehe 1 Januari 1523 watawa wale wakapanda merikebu zao wakaondoka. Baadaye, mwaka 1530, walipewa Malta.

Kwa mwendo wa kusimama-simama tenga saa moja na nusu. Utamalizia upande wa kaskazini-magharibi, karibu na Lango la d'Amboise la mwaka 1512. Toka handakini upande uingie mji kwa lango hilo. Njia yake imepindapinda makusudi, ili adui akiingia asione mbele. Nawe utaingia hivyo hivyo, lango baada ya lango, na kwa kuwa umeshatembea chini na kuona unene wa kuta, utaelewa kwa nini. Anayeingia Lango la Bahari na kikombe cha aisikrimu mkononi hapati hilo.

Ukishaingia, Kasri la Mkuu wa wale watawa liko karibu nawe. Nitasema ukweli wangu: nusu yake ni ya kuigiza. Kasri la asili liliharibika vibaya mwaka 1856, baruti iliyokuwa imehifadhiwa chini ya kanisa la jirani ilipolipuka. Wataliano, waliokitawala kisiwa tangu 1912, wakalijenga upya kati ya 1937 na 1940 ili liwe nyumba ya wakubwa wao, na waliongeza ngazi pana na vyumba vya fahari kwa ladha ya zama zile. Pale mlangoni kuna bamba lenye jina la mfalme wao na la Mussolini. Sakafu ni za kale kweli, lakini hazikuwa za hapa. Michoro ile ya vijiwe vya rangi ilibanduliwa kisiwani Kos na kuletwa. Je, uingie? Ingia mara moja, utazame chini zaidi kuliko juu, halafu utoke. Kama una saa 4 tu, liruke bila majuto.

Ukitoka Kasri unashuka barabara ya Ippoton, barabara ya wale watawa-askari, ambako nyumba za "lugha" zimepangana pande mbili. Hapa makundi yanashuka pia, ila yanashuka mbio. Simama mbele ya nyumba ya Ufaransa, ndiyo iliyonakshiwa zaidi. Mke wangu, ambaye alikuwa amechoshwa na kuta zangu, hapa ndipo alipofurahi: mawe ya rangi ya asali, hakuna duka hata moja, hakuna ubao wa matangazo. Ukirudi saa mbili usiku, taa zikiwa zimewashwa na meli zimeondoka, barabara nzima ni yako na paka.

Chini ya barabara hiyo iko hospitali ya watawa, iliyoanza kujengwa 1440 na kumalizika 1489. Sasa ni Makumbusho ya Akiolojia. Kama utalipa kiingilio mahali pamoja tu mjini, lipa hapa. Ghorofani kuna ukumbi mrefu wa wagonjwa, na pembeni mwake vijichumba vya giza visivyo na dirisha. Mimi nilisimama katikati nikiwaza mambo ya kazi yangu: wagonjwa wale wote, shuka zao zilifuliwa wapi, maji yalitoka wapi, nani alizianika? Hakuna kibao kinachosema. Wanaume wa vita wana ngao zao ukutani, dobi hana hata kokoto.

Katika makumbusho hayo yuko Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki wa kale, anayechutama akikamua nywele zake kwa mikono miwili, marumaru, wa karne ya 1 KK. Mara ya kwanza nilimpita, kwa sababu nilikuwa natafuta sanamu kubwa. Ni mdogo, kimo chake ni kama nusu mita. Mzunguke, mtazame kutoka nyuma ya bega. Kisha toka bustanini ukakae kwenye kivuli. Bustani ile ya ndani ndiyo mahali pa baridi kuliko pote mjini wakati wa adhuhuri, na watu wengi hawajui kwamba tikiti imewalipia na benchi.

Kuhusu adhuhuri yenyewe. Mji ulikuwa chini ya Waturuki tangu 1522 hadi 1912, na bado kuna Waislamu wenyeji. Msikiti wa Suleiman, ule wa rangi ya waridi juu ya Sokratous, ndio unaopigwa picha. Jengo unaloliona ni la 1808. Lakini unaoswaliwa ni wa Ibrahim Pasha, wa karne ya 16, umejificha nyuma ya maduka, na mara yangu ya kwanza niliongozwa na mzee mmoja aliyeniona nikinawa kwenye bomba la barabarani. Mkabala na ule wa Suleiman ipo maktaba ya Hafiz Ahmed Agha, ya 1793, yenye miswada ya Kiarabu, Kituruki na Kiajemi. Ukikuta mlango umefunguliwa, ingia hata dakika 10. Ua wake una vikokoto vyeupe na vyeusi, na ukimya wake ulinikumbusha nyumba ya babu.

Chakula: neno la kushika ni "hirino", nguruwe. Ile nyama ya mkaa inayouzwa kila kona mara nyingi ndiyo hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. "Kotopoulo" ni kuku, "psari" ni samaki, na "htapodi" ni pweza, anayeanikwa kwenye kamba mbele ya mikahawa kama nguo zangu. Sisi tulikula pweza na pitaroudia, chakula cha kisiwa hiki, dengu zilizopondwa na kukaangwa na vitunguu na majani ya nanaa. Mke wangu akauma, akanitazama, akasema, "Bhajia hizi." Ni bhajia kweli, zimekosa ukwaju tu. Usile kwenye Sokratous wala uwanja wa Hippocrates. Pinda vichochoro viwili upande wa kusini, bei inashuka na mwenye mkahawa ana muda wa kukusalimu.

Alasiri nenda upande wa mashariki, mtaa wa Wayahudi. Makundi yanaishia kwenye chemchemi ya farasi-bahari, wanapiga picha na samaki wa shaba, wanarudi melini. Wengi hawageuzi shingo kuona jiwe jeusi lenye pande sita lililo hapo hapo. Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakapelekwa Auschwitz. Waliosalimika ni wapata 150. Balozi mdogo wa Uturuki kisiwani, Selahattin Ülkümen, alifanikiwa kuwanusuru zaidi ya 40 kwa kudai kwamba ni raia wa nchi yake au jamaa za raia.

Kutoka uwanjani fuata kichochoro cha kusini hadi sinagogi la Kahal Shalom, la mwaka 1577, kongwe kuliko yote yaliyobaki Ugiriki. Usiende Jumamosi, ni siku yao na limefungwa kwa watalii. Vaa kwa heshima. Mwanamume hupewa kikofia mlangoni.

Sinagogi hilo sikulipata mwenyewe. Alinipeleka mwenzangu wa jikoni, Mkongomani. Nilidhani anataka kivuli. Tukaingia kwenye chumba cha makumbusho kilicho kando, kuna picha za familia ukutani, suti nyeupe, kofia za jua, barabara pana zenye miti. Akanionyesha moja kwa kidole: "Kwetu ku Lubumbashi iko sinagogi ya bale batu." Sikuamini. Lakini ndivyo ilivyo: tangu mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa mtaa huu, waliokuwa wakisema Kihispania cha Kiyahudi nyumbani, walihamia Kongo ya Wabelgiji kutafuta biashara, hasa Elisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi, na sinagogi lao lilijengwa huko mwaka 1930. Wengine walikwenda Rhodesia, ambayo jina lake ni la Cecil Rhodes na halihusiani kabisa na kisiwa, ingawa utani huo lazima waliusikia kila siku. Baba yake Moïse Katumbi, yule gavana wa zamani wa Katanga na rais wa TP Mazembe, alikuwa Myahudi wa kutoka Rhodes. Kwa hiyo ukiwa na jamaa Katanga, mpigie picha ukuta wenye majina ya familia umpelekee. Mwenzangu alisimama pale akiyasoma moja moja, mengine akiyatambua kutoka kwenye vibao vya maduka ya utotoni mwake.

Jioni malizia Mandraki, bandari ndogo ya kaskazini, yenye vinu vitatu vya upepo na ngome ya Mtakatifu Nikolao mwishoni. Kwenye mdomo wa bandari kuna nguzo mbili zenye paa wa shaba, dume na jike. Hapo ndipo kila mtu huja kutafuta Kolosso, ile sanamu kubwa ya kale, nami nilikuja, na katika ziara yangu ya pili nilimaliza saa nzima nikitafuta alama za miguu. Nilikuwa na picha kichwani ya jitu lililotanua miguu na meli zinapita katikati. Haiwezekani. Sanamu ilikuwa ya shaba, kimo chake mita 30 na ushei. Kuijenga namna hiyo ingebidi bandari ifungwe miaka, na ilipoanguka ingeiziba. Ilivyokuwa kweli inatosha: mwaka 305 KK Demetrius, jemadari wa Makedonia, alikuja kuuzingira mji akiwa na minara ya vita ya magurudumu, akashindwa, akaacha zana zake, Warhodes wakaziuza na kwa fedha hizo Chares wa Lindos akamjengea mungu wa jua sanamu. Mwaka 226 KK tetemeko likaivunja magotini. Mahali iliposimama hapajulikani hadi leo. Basi usiwe kama mimi. Nenda Mandraki kwa ajili ya upepo na mashua.

Kama jua bado lipo na miguu haijakataa, panda kilima cha Monte Smith magharibi mwa mji mpya, dakika 30 hivi kwa miguu. Kuna nguzo chache za hekalu la Apollo zilizosimamishwa tena na Wataliano, na uwanja wa mbio wa kale. Hakuna kiingilio, na jua linazama upande ule.

Hiyo ndiyo siku moja. Mwenye siku ya pili aende Lindos, na wala asihangaike na kitu kingine. Kamiros, magofu ya mji wa kale upande wa magharibi, ni pazuri kwa anayependa misingi ya nyumba. Nilipenda, mke wangu alikaa chini ya mti. Bonde la vipepeo siliwezi.

Lindos iko kilomita 50 hivi kusini, pwani ya mashariki. Usikodi gari. Karibu na soko jipya la Mandraki kuna stendi mbili za mabasi: moja ya mabasi ya upande wa magharibi, moja ya mashariki. Mimi nilipanga foleni ya magharibi dakika 20 nikijiona mjanja, basi la Lindos likaondoka nikiliona. Unataka ya mashariki. Panda basi la kwanza kabisa la asubuhi, kwa sababu mabasi ya watalii yanaanza kufika saa nne na baada ya hapo ngazi zinageuka msongamano wa soko la Kongowea siku ya Jumamosi.

Kijiji ni cheupe, na juu yake mwamba wa mita 116 wenye ngome ya watawa-askari, na ndani ya ngome hekalu la Athena. Njiani utaitwa upande punda. Usipande. Ni njia ya dakika 15, na punda yule anapanda na kushuka kutwa kwenye jua. Beba maji, juu hakuna.

Pitia kwanza vichochoro vya nyumba za manahodha, za karne ya 17, mabaharia matajiri wa hapa walipojenga. Milango yao ina nakshi za mawe, ndege, kamba zilizosokotwa. Mtu wa Lamu atasimama kila mlango akikosoa na kusifu. Wao walinakshi jiwe la kuzunguka mlango, sisi tunanakshi mlango wenyewe. Sakafu za uani ni vikokoto tena, lakini hapa vimetengeneza miti na mawimbi.

Kisha panda. Mwanzoni mwa ngazi ndefu za mwisho, kabla ya kuingia ngomeni, geuka uangalie mwamba. Umechongwa tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya merikebu ya vita, kazi ya Pythokritos, ya mwanzoni mwa karne ya 2 KK. Juu yake ilisimama sanamu ya amiri wa bahari ambayo imepotea, merikebu imebaki. Watu wanaipita wakihema, macho kwenye hekalu. Mimi hekalu nililiona kwa dakika 20, nikarudi chini kwenye tezi ile nikakaa saa nzima. Usukani wake upo, mkunjo wa mbao upo, hata kiti cha nahodha. Asubuhi mwanga unaingia kwa ubavu na mistari yote inaonekana. Kufikia saa sita imefifia, ni jiwe tu. Sababu nyingine ya kupanda basi la kwanza.

Ukishashuka, upande wa kusini wa mwamba kuna ghuba ndogo ya mviringo ambako wenyeji husimulia kwamba Paulo aliteremka. Maji yake yametulia kama ya kisima, na ni pa kuogea baada ya jasho lile. Basi la kurudi linajaa kuanzia saa tisa, kwa hiyo uwe stendi ya juu ya kijiji mapema. Kaa dirisha la kulia. Bahari iko upande huo mpaka mjini.